Tulimcheka Akinfenwa bure

Kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, Adebayo Akinfenwa, mshambuliaji wa Kiingereza ndani ya gemu la mpira la FIFA, alikuwa wa kuchekea. Mtu anamchagua, anampigia beki kikumbo, beki anaruka huko, banda zima linaangua kicheko. Mbio hana, nguvu alama 97. Nami nilicheka, tena nikiamini watengeneza gemu wametia chumvi.

Siku hizi naona tulimkosea. Huyu mtoto wa London alianzia Lithuania, klabu ya Atlantas, akatukanwa viwanjani kwa sababu ya rangi yake. Aliporudi, msimu wa 2003/04 peke yake alivaa jezi za timu tano: Barry Town ya Wales, Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster. Tano! Hujashika hata majina ya wenzako, unafunga begi.

Na hilo neno "nguvu" limemfunika ufundi wake. Mpira mrefu unatoka nyuma. Yeye kalipa goli mgongo, beki kambananisha huko nyuma yake, anautuliza kifuani, halafu anasubiri. Haswa, anasubiri mpaka winga afike. Subira ile huipati kwa kunyanyua vyuma. Januari 2015, akiwa AFC Wimbledon, aliwafunga hata Liverpool kwenye Kombe la FA, ingawa nahodha wao Gerrard alifunga mawili, Liverpool wakashinda 2-1.

Kisha Mei 2016, Wembley, fainali ya mchujo wa kupanda kutoka League Two, daraja la nne la Uingereza. Dakika za nyongeza, penati, anaiweka kimiani: Wimbledon 2, Plymouth 0. Timu imepanda daraja, yeye mkataba hana. Akasema mbele ya kamera kwamba hana kazi, makocha wanaomtaka wamtafute WhatsApp. Dunia ikacheka. Mimi kicheko kilinikatikia hapo: miaka 34, umetoka kufunga Wembley, na mshahara wa mwezi ujao hujui utatoka kwa nani.

Wycombe wakamchukua, akakaa misimu sita. Mwaka 2020 wakapanda Championship, daraja la pili, Klopp mwenyewe, kocha wa Liverpool wakati huo, akamtumia video ya pongezi.

Alitundika daluga Wembley hapohapo, Mei 2022, Wycombe walipolala 2-0 mbele ya Sunderland. Alikuwa ametimiza miaka 40 siku 11 kabla.