Hadubini moja ya mafuta au tatu za kawaida?

Wazazi wa shule moja ya sekondari hapa Moshi wamechanga fedha za hadubini, na kikao kimegawanyika. Kuna wanaotaka moja ya uhakika, ya macho mawili, yenye lenzi ya mafuta inayokuza mara 1000. Wengine wanasema fedha hizo hizo zinatosha tatu za jicho moja, zinazoishia mara 400. Hoja zote zina uzito, ingawa kwangu hazilingani.

Wa kwanza wanaanza na malaria, na hawajakosea. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga cha malaria hukaa ndani yake kama kijipete. Kwa mara 400 chembe yenyewe unaiona vizuri, lakini fundi wa maabara hatoi majibu kwa lenzi hiyo. Huweka tone la mafuta na kutumia lenzi ya 100, ambayo ikizidishwa na ile ya 10 iliyo jichoni hutoa mara 1000; vivyo hivyo lenzi ya 40 hutoa mara 400. Bakteria nao ni hivyo hivyo. Mtoto anayetamani siku moja kufanya kazi maabara ya hospitali ya KCMC ana sababu ya kuijua lenzi hiyo mapema. Tena kuchungulia nusu saa kwa jicho moja kunachosha kweli.

Lakini fikirini darasa la watoto hamsini na hadubini moja. Kila mmoja anapata dakika yake, anaona kivuli cha kope zake mwenyewe, anadhani ndiyo seli, anampisha mwenzake. Hilo linaniuma kuliko kukosa lenzi ya mafuta. Kutumia hadubini ni kazi ya mikono: kusogeza slaidi, kupunguza mwanga, kuzungusha skrubu ndogo polepole mpaka picha itulie. Mikono haijifunzi kwa kupanga foleni. Isitoshe, lenzi ya 100 hukaa pungufu ya robo milimita kutoka kwenye kioo. Anayeanza huvunja slaidi, au huizungusha lenzi ya 40 ikapita kwenye mafuta, na ile isipofutwa siku hiyo hiyo, wiki ijayo kila kitu kinaonekana kama kiko ndani ya ukungu.

Na mara 400 si haba. Nendeni kwenye mbuni wenye kutu ya majani, ile poda ya rangi ya chungwa chini ya jani inayowasumbua wakulima wetu na kuwashughulisha watafiti wa kahawa pale Lyamungo. Chukueni kidogo kwa ncha ya sindano. Mbegu za kuvu hiyo zina urefu wa mikromita 30 hivi, zimejikunja kama figo, upande mmoja una vijiba na mwingine ni laini; hata jina lake la kisayansi, Hemileia, maana yake ni nusu laini. Yote hayo yanaonekana bila tone la mafuta. Vivyo hivyo tone la maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, au ya mto Rau, na ngozi nyembamba ya kitunguu cha soko la Mbuyuni.

Ambacho pande zote mbili wanapaswa kukikataa ni zile za plastiki zilizoandikwa 1200 kwenye boksi. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha tangu 1873 kwamba mwanga wenyewe una mpaka wa udogo unaoweza kuuonyesha. Tazameni ubavuni mwa lenzi ya 40: hadubini ya kweli huwa na namba ya pili, kwa kawaida 0.65, inayoeleza uwezo wa lenzi kukusanya mwanga. Zidisha kwa 1000 upate 650. Ukikuza kupita hapo picha inatanuka tu, haiongezi kitu. Lenzi isiyo na namba hiyo iacheni.

Kuhusu mwanga sina maneno mengi. Umeme hukatika, kwa hiyo taa ya LED yenye betri za kuchaji ndiyo bora. Kioo cha kuakisi nacho kinafaa, mradi watoto wasikielekeze kwenye jua lenyewe, maana macho yataumia.

Mimi ningenunua tatu, ila mojawapo iwe na tundu la nne la lenzi, na chini ya jukwaa, pale slaidi inapokaa, iwe na kondensa (lenzi ya kukusanya mwanga) ya 1.25 yenye pazia la kupunguza mwanga. Lenzi ya mafuta itaongezwa fedha zikipatikana. Lenzi zenye maandishi 160/0.17 nyingi hutumia uzi wa skrubu wa aina moja hata zikitoka viwanda tofauti, kwa hiyo hata ya mtumba inaweza kuingia, ikiwa haina utando wa kuvu ndani. Igeuzeni kwenye mwanga muikague kabla ya kulipa.

Dukani nendeni na kitunguu. Anzeni na lenzi ya 4, tafuteni seli, kisha pandeni hadi ya 40. Seli ikibaki karibu na katikati na ikahitaji skrubu ndogo tu ili itulie, hiyo ni nzuri. Ikitoroka kabisa, au jukwaa likishuka lenyewe mkiachia mkono, ombeni nyingine.