Kiungulia na saratani ya umio: tindikali ina hatia kiasi gani?

Ingia duka la dawa la mtaani useme kifua kinawaka. Huulizwi mengi, unapewa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo. Wengi huimeza miezi na miezi wakiamini inawakinga pia na saratani ya umio, ile njia ya kupitisha chakula hadi tumboni. Wengine wanashikilia kinyume, kwamba kiungulia huletwa na upungufu wa tindikali, kwa hiyo dawa yake ni siki.

Kambi ya kwanza haikosi ushahidi. Utafiti wa Sweden wa mwaka 1999 uliwakuta wenye kiungulia cha kila wiki na uwezekano wa karibu mara 8 wa kupata adenokasinoma, saratani ya sehemu ya chini ya umio. Tena jaribio la Uingereza lililotangazwa 2018 lilionyesha kuwa wagonjwa ambao utando wa umio umeshabadilika hunufaika na dozi kubwa ya esomeprazole, ndugu ya omeprazole, pamoja na aspirini.

Ila utafiti uleule wa Sweden uliipima pia saratani ya aina ya pili, skwamasi, na haukuona uhusiano wowote na kiungulia. Na skwamasi ndiyo inayotumaliza huku, kuanzia Bomet na Eldoret hadi Moshi na Malawi, wakiwemo vijana wa chini ya miaka 30. Huko watuhumiwa ni pombe, tumbaku, moshi wa kuni, na chai. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2016. Chai ya maziwa inayomiminwa ikitokota na kunywewa papo hapo inavuka kiwango hicho bila taabu, na omeprazole haiipozi.

Wa siki nao? Kama tatizo ni tindikali pungufu, mbona kifua hutulia wengi wao wakimeza dawa ya kuipunguza? Kumwagia siki umio uliochubuka ni kuutonesha tu.

Vitambi vinavyoongezeka mijini huenda vikatuletea adenokasinoma zaidi, hilo nalikubali. Lakini kwa sasa namhofia zaidi mzee ambaye ugali unamkwama, anashushia na maji, kisha anahamia uji huku suruali zikimpwaya, na dukani bado wanamwongezea vidonge. Huyo apelekwe hospitali haraka akapimwe kwa kamera.