Dagaa wa Mwanza na oveni inayojisafisha

Mi ni mume wa mwanafunzi. Naanza na hilo kwa sababu huku Marekani ni cheo kabisa, kina viza yake, inaitwa F-2, na viza yenyewe inasema mke asome we ukae, kazi hufanyi, kwa hiyo mimi niliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala Mbagala nikageuka mtu wa kumvalisha Doreen soksi na kusubiri basi la shule. Tulifika Indiana mwezi wa nane, Mama Doreen anaanza PhD, chuo kikatupangishia nyumba kwenye yale majengo ya wanafunzi wenye familia. Vyumba viwili, jiko, friji, na zulia rangi ya uji wa ulezi. Kitanda hamna, kochi hamna. Sebuleni hata taa hamna, swichi ipo ukutani unabonyeza, kimya, nikaomba fundi aje, fundi akaja akaniangalia kwa huruma akanionyesha kwamba ile swichi inawasha soketi ya chini, taa unanunua mwenyewe unachomeka pale. Wiki mbili tulikuwa tunakula kwa mwanga wa friji jamani.

Na birika la umeme tulilolibeba kutoka Kariakoo kwa mbwembwe zote, tukaliwekea na adapta, loh. Umeme wa huku ni volti 120, lenyewe limezoea 230, ni sawa na kumpa fundi andazi moja asukume toroli la zege siku nzima. Unaliwasha, unaoga, unapiga pasi, unarudi, maji ndo kwanza yamepata uvuguvugu.

Sasa oveni. Jiko la umeme la huku linakuja na oveni yake chini, kubwa, mtoto anaweza kukaa humo. Mimi kwetu oveni niliyoijua ni ya bekari, kwa hiyo sisi tuliichukulia kama kabati, tukapanga masufuria yetu humo, maisha yakaendelea.

Mwezi wa kwanza ikaja barua kutoka ofisi ya nyumba kwamba wanapita kukagua, jiko liwe safi, na ndani ya oveni pia. Mama Doreen asubuhi anavaa koti akaniambia, "Baba Doreen, mi leo niko maabara mpaka usiku, hiyo oveni naomba uitoe vitu uisafishe." Nikamwambia ondoa shaka mke wangu.

Saa kumi jioni, Doreen kesharudi shule anaangalia katuni, nikakumbuka. Nikafungua, nikaona yale masufuria yalivyobanana, uvivu ukanishika. Nikafunga. Nikaanza kusoma vitufe kimoja kimoja, na pale pembeni nikakuta kimoja kimeandikwa Self Clean. Kizungu changu si cha kuombea kazi ila hicho kilinitosha, jisafishe. Nikasema hawa watu wana akili aisee! Maana mashine ya nguo kule chini nilishaizoea, unatumbukiza sarafu za senti 25 unaondoka zako, ukirudi nguo safi, basi na hii ni ndugu yake. Itapiga maji humo ndani, oveni itatakata, na masufuria yataoshwa humohumo. Nikaongeza na la ugali wa jana lenye ukoko. Na msinione mjinga, nilitafuta pa kuweka sabuni kabisa, nikakosa, nikajua basi inayo yake ndani.

Nikabonyeza. Mlango ukafanya "kacha", ukajifunga wenyewe, kikawaka kitaa chekundu chenye picha ya kufuli. Nikafurahi, nikasema safi, maji hayatamwagika.

Nikakaa nasubiri mlio wa maji.

Nisichokijua ni hiki. Ile kitu haina hata tone la maji, inachofanya inapandisha moto mpaka kama nyuzi 480 za Selsiasi ili uchafu wote uungue ubaki majivu, na mlango unajifunga ili usije ukaufungua ukababuka, haufunguki mpaka ipoe, upende usipende. Na cha pili nisichokijua, nyuma kabisa ya yale masufuria, mle nisikofika, kulikuwa na dagaa wa Mwanza kilo tatu. Kilo moja kwenye deli la plastiki, kilo mbili kwenye sufuria lenye mfuniko. Dagaa hao alitufungia mama mkwe, nikawataja uwanja wa ndege kwa ushujaa wote, na mwezi wa kumi mke wangu akaniambia wameisha. Wameisha! Kumbe kawahamishia mle kwa sababu alikuwa anajua fika mimi na oveni hatujawahi hata kusalimiana, ila asubuhi ile ya ukaguzi akajisahau.

Mwanzo ilikuwa harufu nzuri, nisiwe muongo. Nikadhani nimekumbuka nyumbani, nikameza mate. Doreen akasema "baba kuna dagaa?" nikamwambia hapana mwanangu, wameisha. Dakika mbili mbele deli likaanza kuyeyuka na hapo harufu ikabadilika kabila. Moshi ukatoka pembeni ya mlango, mweupe kwanza, halafu wa kijivu. Navuta mlango, haufunguki. Navuta kwa miguu miwili nimekanyaga kabati, haufunguki. Nikabonyeza kila kitufe, oveni ikazima lakini kufuli likabaki pale pale linaniangalia. Kile kidude cha moshi cha darini kikaanza kulia kama king'ora cha msafara wa rais, nikapanda kiti nikawa nakipepea na kanga ya Mama Doreen, na kanga yenyewe imeandikwa SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA, wakati huo maana yake sijaijua bado.

Nikaona moshi unazidi, nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika shuka. Badala ya kufungua dirisha nikafungua mlango wa kwenda kwenye korido. Kidude cha ndani kwako kinalia kwako tu, ni aibu yenu ya familia, ila vile vya korido vimeungwa na kengele ya jengo zima na taarifa inafika zimamoto moja kwa moja. Ikalia ghorofa zote tatu.

Nje ilikuwa sifuri, sifuri yao ya Fahrenheit, kwa hesabu ya kwetu ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Doreen nimemviringisha kwenye duveti kama sambusa. Mimi nina kikoi, sweta, na ndala. Ndala kwenye theluji, ukitembea zinabaki nyuma. Wachina wametoka, Wakorea wametoka, dada wa Kihindi na kichanga chake katoka, jamaa mmoja katoka na povu la shampuu kichwani nalo linaanza kuganda. Hakuna aliyeuliza moto umeanzia wapi, sababu nilikuwa natoa moshi kwenye kikoi.

Magari mawili ya zimamoto yakafika kabla sijamaliza kutunga uongo. Jitu refu lenye kofia likaniuliza ndani ya oveni kuna nini, nikamwambia samaki, samaki wadogo. "Wangapi?" Nikamwambia kilo tatu. Akasema hapana, nauliza samaki wangapi. Sasa ndugu zangu, dagaa unawahesabu? Nikamwambia labda elfu mbili. Akaandika.

Wakakata umeme wa jiko, wakaweka mafeni, wakasubiri kufuli liachie, halafu wakatoka wamebeba rafu nzima ya oveni na glovu, wakaitua kwenye theluji, ikalia "tssss" mtaa mzima. Deli limekuwa lami. Masufuria meusi tii.

Watu wote wanajibana upande wa pili kukimbia harufu, nikaona mama mmoja, koti mpaka miguuni, anakuja mbio kutoka jengo la jirani ambalo hata kengele haijalia. Anakuja amenyanyua pua. Akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kujali nani anaelewa, "Nani anakaanga omena huku?"

Wa Kisumu huyo, Kenya, dagaa kwao ndo omena. Anamalizia mwaka wa nne pale na mimi sikujua kama yupo. Nikamweleza, akanisema kama mdogo wake kabisa: dirisha kwanza, mlango usiguse, oveni unaipaka bekingi soda na siki unaiacha ilale ndio unafuta, viatu vya baridi vinakaa karibu na mlango, na kitanda mlinunua cha nini wakati mwezi wa tano watu wakihama wanaacha vitanda vizima kando ya mapipa. "Na tangu Agosti mko hapa hamjanitafuta?"

Huku ananisema anachutama pale kwenye theluji, akafunika mkono na skafu, akainua mfuniko wa lile sufuria la nyuma. Wa pembeni walikuwa mkaa, ila wa katikati wamekauka vizuri tu, rangi ya dhahabu.

Hapo ndo Mama Doreen akafika anahema, nadhani kuna mtu alimpigia. Akamwangalia mtoto, mzima. Hakuniuliza mimi niko mzima au vipi. Akaangalia sufuria lililofunguliwa, akaniangalia.

Nikamwambia, "Mama Doreen, mwezi wa kumi si ulisema wameisha?"

Kimya. Hata kengele ikawa imenyamaza.

Yule mama wa Kisumu akasimama na sufuria lake mkononi. "Hayo ya ndoa mtaongea baadaye. Mko na unga?"

Tulikuwa nao. Mke wangu akamwambia upo ndani, kwenye lile kabati la pembeni ya sinki, lenye vitufe.