Nyumba ya pinki ya New London na mzee wetu anayekataa kusaini

Juzi kijiweni hapa Majengo, Dodoma, ubishi ulikuwa mkali. Kuna mzee nyumba yake imepigwa X nyekundu, mthamini kaja kahesabu vyumba mpaka miti ya uani, na mzee hataki kusaini fomu ya fidia. Karibu wote pale walikuwa wanasema mzee mbishi tu, hela si anapewa, achukue apishe mradi. Mimi naona watu kama huyu mzee tunawaelewa vibaya kabisa, na kuna kesi moja ya Marekani huwa inanirudia kila nikisikia maneno hayo.

Ni kesi ya Susette Kelo. Mwaka 1997 alinunua kijumba cha zamani cha mbao eneo la Fort Trumbull, mji wa New London, jimbo la Connecticut, karibu na maji, na kikaja kujulikana nchi nzima kwa rangi yake ya pinki. Mwaka uliofuata kampuni ya dawa ya Pfizer ikatangaza inajenga kituo cha utafiti jirani na pale, basi mji nao ukachora ramani ya hoteli, ofisi na makazi mapya kwenye mitaa ile. Wengi wakauza. Waliogoma ni wenye mali 9, nyumba 15 jumla, na mmoja wao ni bibi aliyezaliwa humo humo ndani ya nyumba yake mwaka 1918. Tarehe 23 Juni 2005 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba mji una haki ya kuzitwaa, hata kama ardhi itaishia kwa mwekezaji binafsi, maana kukuza uchumi nako ni manufaa ya umma.

Sasa tusiwaonee wale wa mji. Kituo cha jeshi la majini kilichoajiri watu zaidi ya 1,500 kilifungwa 1996, kufika 1998 watu wasio na kazi walikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha jimbo zima, na wakazi walikuwa wamebaki chini ya 24,000. Kiongozi wa mji kama huo akiambiwa kuna mradi wa ajira zaidi ya 1,000 atakataaje? Na sisi wa Dodoma tujisemee ukweli, tangu 1973 ilipoamuliwa makao makuu yaje huku, barabara na mji wa serikali wa Mtumba havikushuka hewani, vimekaa juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wanailima na kuishi. Reli ya SGR nayo haiwezi kukunja kona kwa ajili ya kila nyumba. Hilo nalikubali bila shida.

Ila reli utaipanda hata wewe uliyehamishwa. Hoteli je? Jaji Sandra Day O'Connor, aliyekuwa upande wa wale majaji wanne waliopinga hukumu, hoja yake ilikuwa kwamba kwa hesabu hiyo hakuna mali iliyo salama, yaani akitokea yeyote mwenye jengo litakalolipa kodi kubwa kuliko lako, unaondoka. Na hili si la Wamarekani tu, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya kwetu ya 1967 inaruhusu ardhi kutwaliwa hata kwa ajili ya viwanda na biashara.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo mimi huwa nakwama. Mji na jimbo walishatumia kama dola milioni 78 pale. Nyumba zikaondoka. Cha Kelo kikafunguliwa mbao kwa mbao kikahamishiwa mtaa mwingine mwaka 2008. Halafu 2009, miaka minne tu baada ya hukumu, Pfizer ikatangaza inaondoka New London. Mwekezaji aliyetarajiwa kujenga hakupata hela. Pale walipokuwa wanaishi watu pakabaki majani na paka wa mwituni, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka miaka ikawa mingi, hoteli hakuna, ofisi hakuna. Yule bibi alifariki 2006 kwa hiyo hakuyaona, na mpaka leo nashindwa kuamua kama hiyo ni afadhali au ni vibaya zaidi.

Watu watasema kwetu fidia ipo, na ni kweli ipo, kanuni za 2001 zinataja thamani ya soko, usafiri, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, na posho ya usumbufu. Lakini mke wa yule mzee anakopa unga na mafuta dukani kwa daftari kwa sababu mwenye duka anamjua miaka yote, huko anakopelekwa nani atamfungulia daftari? Wengine wanasema ardhi ni ya umma, wewe mpangaji tu. Hapana jamani, Mahakama ya Rufani ilishasema 1994 kwenye kesi ya Lohay Akonaay kwamba hata haki ya ardhi ya kimila ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba.

Na hili neno "kupisha" tunalitumia vibaya. Kwenye daladala mtu akikuambia nipishe unasogea, akipita unarudi ulipokuwa. Huyu mzee anaambiwa apishe na harudi tena.

Kwa hiyo mimi nipo upande wake, ila sisemi asihame kamwe. Nasema hela na mkataba wa huyo mwekezaji vionekane kabla ya ile X, fidia ilipwe kabla ya buldoza, na mradi ukifa basi aliyetolewa awe wa kwanza kuulizwa kama anaitaka ardhi yake. Kwenye kikao cha mtaa mzee aliuliza kitu kimoja tu, pale panajengwa nini na kinaanza lini. Walimpa fomu asaini, jibu hawakumpa.