Vitabu vya Kusikiliza: Sikio Linapofaa na Linapochoka

Anayetoka Mbagala kwenda Posta alfajiri, akasimama ndani ya basi lililojaa muda wote wa foleni, hana mkono wa kushikia kitabu wala nafasi ya kukifungua, lakini masikio yake hayana kazi. Hii ndiyo hoja kuu ya watetezi wa vitabu vya kusikiliza, nayo ni nzito kuliko wapinzani wanavyotaka kukiri, kwa sababu saa hiyo ya foleni, kama ilivyo saa ya kufua au ya kupika, isingepata kitabu kwa njia nyingine yoyote. Anayelalamika kwamba kusikiliza kunaua usomaji anapaswa kwanza kuonyesha ni usomaji gani uliokuwa ukifanyika kwenye beseni la nguo.

Lawama kwamba kusikiliza kitabu badala ya kukisoma ni uvivu nayo haijapata ushahidi wa kutosha. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake nchini Marekani waliwagawa watu wazima katika makundi matatu: waliosikiliza sehemu za kitabu cha masimulizi ya kweli, waliozisoma kwenye kifaa cha kielektroniki, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Walipopimwa papo hapo, na tena baada ya wiki mbili, hawakuonekana kutofautiana kiasi cha maana katika kuelewa. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2010 uliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, na huko waliosikiliza walifanya vibaya katika jaribio kuliko waliosoma.

Sioni kwamba matokeo hayo mawili yanagombana. Masimulizi hujibeba yenyewe: tukio huzaa tukio, na msikilizaji aliyepitwa na sentensi moja huokolewa na sentensi inayofuata. Hoja ya kisheria, kanuni ya hesabu au sura ya uchumi haina huruma hiyo, kwa kuwa hatua ya tano haieleweki pasipo ya pili, na jicho hurudi nyuma kwa sekunde moja bila mwenyewe kujua, ilhali sikio hutembea kwa mwendo wa anayesoma kwa sauti. Kitufe cha kurudisha nyuma kipo, ni kweli, lakini nani atakibonyeza mikono ikiwa imejaa sabuni?

Wapo wanaodai kwamba jambo hili ni la kigeni kwetu. Dai hilo halisimami mbele ya utendi. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikifungwa kwa kina kimoja, na cha nne kikibeba kina kinachorudi tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Umbo hilo linamsaidia anayeghani kukumbuka na anayesikiliza kutopotea njia. Wosia ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858 uliwafikia wengi kwa sauti kabla ya kuwafikia kwa chapa. Baadaye ikaja redio, na wapo watu wazima wa leo nchini Tanzania waliozijua hadithi zao za kwanza kupitia kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania.

Lakini urithi huo usitumiwe kutetea zaidi ya unachoweza kutetea. Waliosikiliza utendi au redio mara nyingi waliketi pamoja, wakaulizana na kusahihishana. Msikilizaji wa leo yuko peke yake, na nusu ya akili yake iko kwenye moto wa jiko. Kwa dereva wa bodaboda aliyeziba masikio yote mawili, suala la kuelewa au kutoelewa hadithi ni dogo kuliko honi ya lori asiyoisikia.

Kuna pia gharama, ambayo mjadala huipita haraka. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, hivyo riwaya ya saa tisa hufika kama megabaiti 260, wakati maandishi yake matupu hayafiki hata megabaiti moja au mbili. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Isitoshe, simulizi nyingi za Kiswahili hupatikana YouTube, ambako picha isiyotazamwa na mtu nayo hulipiwa. Baadhi zinasomwa kwa ustadi wa kupendeza. Nyingine zinasomwa kama taarifa ya msiba, na si zote zilizosomwa kwa ridhaa ya aliyeziandika.

Kwa mtoto anayejifunza kusoma, ningekuwa mgumu zaidi. Kusikiliza kunampa msamiati na hamu ya hadithi, mambo ambayo si madogo, lakini hakumfundishi umbo la herufi wala mahali pa kuweka nukta. Anufaike na sauti huku kidole chake kikifuata mstari, la sivyo mtihani utamkuta na maneno mengi asiyoweza kuyaandika.

Kwa wasioona, mizani hii hailingani hata kidogo. Vitabu vya sauti vilianza kwa ajili yao: Marekani na Uingereza zilikuwa zikiwapelekea vitabu kwenye santuri tangu miaka ya 1930, kwa kuwa si kila asiyeona anajua nukta nundu, na kitabu kimoja cha nukta nundu huweza kujaza majuzuu kadhaa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, uliondoa kikwazo cha hakimiliki katika kuwatengenezea nakala wanazoweza kuzitumia. Haukulipia studio, wala msomaji wa kukaa mbele ya kipaza sauti kwa siku nyingi. Mchapishaji wa Kiswahili anayeona soko la nakala za sauti ni dogo mno angeweza kuanza na riwaya za kiada, ambazo zina wasikilizaji wa uhakika kila mwaka, wanaoona na wasioona, na katika mkataba wa mwandishi akataja malipo ya sauti waziwazi, kabla mtu mwingine hajaisoma kazi hiyo YouTube bila kumuuliza yeyote.