Altezza Haihitaji Kioo cha Inchi Kumi

Jumamosi iliyopita nilikuwa naoshewa gari pale Sakina, Arusha. Akaja dogo mmoja na Toyota Altezza nyeusi, akaegesha pembeni yangu na kufungua milango yote minne ili tusikie. Tukasikia. Alikuwa amefunga redio ya Android yenye kioo cha inchi kumi, kile kinachosimama mbele ya deshibodi kama tableti iliyobandikwa na gundi, na kilikuwa kimeziba nusu ya matundu ya hewa. Akanionyesha ramani, video, kamera ya nyuma, na picha ya mchumba wake aliyoiweka ukurasa wa mbele. "Braza, hapa ni kama nimenunua gari jipya," akaniambia. Nikamuuliza spika kaweka zipi. Akasema zilezile lilizokuja nazo kutoka Japani.

Altezza zilianza kutoka mwishoni mwa 1998 na zikakoma 2005. Hata kama yake ni ya mwisho kabisa, spika hizo zimekaa ndani ya mlango miaka ishirini, zikilowa masika na kukauka kiangazi. Ndizo anazozilisha muziki kutoka kwenye redio aliyoinunua kwa laki kadhaa.

Mimi nasema hivi, na najua nitatukanwa: kwenye gari la spoti la zamani, kioo ndicho kitu cha mwisho kununua. Tunakinunua cha kwanza kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye picha.

Sitaki kujifanya kwamba redio zilizokuja na haya magari zinafaa. Yangu, Altezza AS200 ya silinda sita, gia za mkono, ilishuka melini ikiwa na kaseti, CD na kitundu cha MD, zile diski ndogo ambazo Sony walizianzisha 1992. Sijawahi kumwona mtu Arusha hii ameshika hata moja. FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, maana Wajapani walijipangia masafa yao. Sisi stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Unazungusha kitufe weee, unaambulia mbili tatu zilizo chini kabisa, kwingine kote ni mvumo mtupu. Wenye redio za ramani ndio walikuwa wanachekesha zaidi: kioo kinawaka, kinaongea Kijapani, kinadai diski iliyobaki Yokohama, na TV iliyomo ndani ni ya analojia ambayo Japani kwenyewe waliizima Julai 2011.

Dawa ya kwanza tunayoijua wote ni ekspanda, kale kaboksi kadogo kama kiberiti kanakokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa, mara nyingi kwa megahezi 20, kwa hiyo stesheni ya 98 unaikuta kwenye 78. Piga hesabu uone hasara: 76 jumlisha 20 ni 96. Stesheni ya 93 haipo tena kokote, ukizungusha hadi kesho. Dawa ya pili ni kale kamashine ka Bluetooth ka kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kanakorusha muziki wa simu kupitia FM. Kwa redio ya Kijapani inabidi ukaweke kati ya 87.5 na 90, pembamba kama uzi, na ukitoka mjini kuelekea Moshi kuna mahali kwaya ya redio fulani inaingia katikati ya wimbo wako bila hodi.

Basi miaka mitatu iliyopita nikaenda kwenye duka moja mjini, silitaji, nikanunua redio yenye Bluetooth na nikafungiwa palepale barabarani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba redio si tatizo.

Toyota nyingi za zama zile nyuma ya redio zina plagi mbili kubwa, moja ya pini kumi na nyingine ya pini sita. Zinafanana kiasi kwamba kuna waya wa kuunganishia unaouzwa tayari, upande mmoja plagi ya Toyota, upande wa pili waya za redio mpya. Hukati kitu. Yule kijana wa dukani alichukua plaizi akakata plagi zote mbili, kwap, kwap, akazisokota waya kwa vidole na kuzifunga solotepu. Nilimwona kwa macho yangu na sikusema neno, maana nilikuwa najua kuendesha tu. Redio yoyote ya kawaida ina waya wa njano unaotaka umeme wa betri muda wote ili kumbukumbu isipotee, na mwekundu unaotaka umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Kwenye Toyota yangu ule wa muda wote ni wa bluu wenye mstari wa njano, na wa ufunguo ni wa kijivu. Yeye aliunganisha wa njano na mwekundu pamoja, akavipeleka vyote kwenye ule wa bluu. "Hivi unasikiliza hata bila ufunguo," akaniambia, kama amenipa zawadi.

Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Njiro, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nazungusha ufunguo, gari linasema tik-tik-tik. Redio ilikuwa imekunywa betri usiku kucha. Aliyenistua kwa waya alikuwa jirani yangu mwenye Noah, Noah ambayo nilikuwa naicheka kila siku.

Nikaelekezwa kwa fundi umeme mmoja mzee kule Unga Limited. Nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza habari za redio. Hakunisikiliza. Aliketi siti ya mbele, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe. "Kijana wangu," akasema, "wewe umeweka muziki ndani ya debe." Akaanza kufungua mlango.

Ukishabandua ile plastiki ya ndani unaona kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona kwenye gari lao wenyewe. Chuma cha ndani kina matundu makubwa, mkono mzima unapita, na kiwandani yalizibwa kwa nailoni iliyogandishwa na gundi nyeusi. Gari likishafika huku na kutengenezwa mota ya kioo cha dirisha mara moja tu, hiyo nailoni inachanwa na hairudi. Spika ikipiga, kipande chake cha mbele kinasukuma hewa kuja kwako, na nyuma yake inavuta. Sauti ya nyuma ikipata njia ya kupenya matunduni na kukutana na ya mbele, zinauana, na inayokufa kwanza ni besi. Halafu watu wanakwenda kununua sabufa kuitafuta besi waliyokuwa nayo tayari mlangoni.

Mzee alichukua betri moja ya tochi, ile ndogo ya volti moja na nusu, akagusisha waya za spika kwenye ncha zake. Spika ya kulia ikaruka nje kidogo, ka! Ya kushoto ikazama ndani. Akanitazama juu ya miwani. Yule kijana wa mjini alikuwa amegeuza chanya na hasi upande mmoja, kwa hiyo kwa miezi yote ile spika moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta. Nilikuwa nimeshazoea kuongeza besi mpaka mwisho na kulaumu redio.

Siku hiyo hatukununua redio mpya. Tulinunua mikeka ya butili, ile raba laini inayonata, yenye foili kwa milango ya mbele, tukaziba matundu yote tukiacha vile vitobo vya chini vinavyotoa maji (ukiviziba hivyo mlango unaoza kutokea ndani, na utamlaumu muuzaji), tukaweka spika mpya za inchi sita na nusu zenye twita zake pembeni, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, na waya wa kuunganishia wa Toyota kwa plagi nilizozitafuta kwenye deshibodi ya mtumba. Redio ileile. Nilipowasha nilishuka garini nikaangalia kama kuna mtu ameficha sabufa kwenye buti. Na jambo ambalo sikulitegemea: tairi zangu ni nyembamba ubavuni, zinavuma vibaya zikifika kilomita 80 kwa saa, na ule mvumo ulipungua. Ndiyo maana nasisitiza kwa magari haya hasa. Gari la spoti lina kelele zake za tairi, ekzosi na upepo. Ukilitia muziki bila kushughulikia milango unafungua sauti kushindana na gari lako mwenyewe, na gari hushinda.

Kuhusu wati, naomba tuwe wakweli kidogo. Boksi la redio limeandikwa 4x60. Geuza redio nyuma uangalie fyuzi yake, nyingi zina fyuzi ya ampea 10. Gari likiwa linawaka umeme ni volti 14 hivi. Kumi mara kumi na nne ni wati 140, na hapo tumehesabu kila kitu, mpaka taa za vitufe na joto linalopotea. Hizo 240 zimetoka wapi? Redio bila amplifaya, kile kifaa cha pembeni cha kukuza sauti, hutoa kama wati kumi na tano hadi ishirini za kweli kwa kila spika, na ukifungua zaidi ya hapo inaanza kukwaruza. Mwaka jana ndipo nilipoongeza amplifaya ndogo ya njia nne chini ya siti, na sijahitaji kingine.

Ukinunua waya wa amplifaya, kwangua ncha yake kwa wembe. Ukikuta ndani ni mweupe, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na ule unene ulioandikwa kwenye pakiti usiuamini. Fyuzi yake ikae karibu na betri, chini ya nusu mita, maana waya huo unapita kwenye chuma njia nzima hadi ndani. Na waya wa hasi uubane kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi kikang'aa. Ule mluzi wa kwenye spika unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, mara nyingi umetokana na hasi iliyobanwa juu ya rangi. Nimesikia mtu akiambiwa abadilishe altaneta kwa ajili ya mluzi huo.

Sabufa sizipingi, ila AS200 ina ile saa ya mwendo yenye saa ndogo tatu tumboni, kama saa ya mkononi ya rubani, na mojawapo ni ya volti. Binamu yangu ana boksi la inchi 12 kwenye buti ya gari kama langu. Usiku kishale cha volti kinaitikia kwa kichwa kila besi ikipiga, na taa za mbele nazo zinafifia kumuunga mkono. Na lile boksi ni zito! Mtu alinunua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kwa ajili ya kona za Moshono, sasa anabeba kabati.

Turudi kwenye kioo. Mke wangu anasema namwonea dogo wa Sakina, na kwamba kamera ya nyuma ingeniokoa siku ile na mkokoteni pale sokoni Kilombero. Kweli ingeniokoa. Kwa hiyo kwa wanaotaka: tafuta cha inchi saba kinachoingia kabisa ndani ya tundu. Tundu la redio la Toyota lina upana wa milimita 200, na redio nyingi za kawaida ni 178, kwa hiyo kila upande linabaki pengo la milimita 11. Kuna vipande vya plastiki vya kuziba, ni bei ya chai na chapati mbili. Usifanye kama mwenzetu mmoja aliyeziba kwa solotepu nyeusi, ikayeyuka juani Moshi ikamganda vidoleni. Ramani mimi naangalia kwenye simu, imekaa kwenye kishikio chake, na kila simu mpya inakuja na ramani mpya. Kioo cha Android cha leo kitakuwa kizito kuwaka ndani ya miaka michache, wakati deshibodi ya Altezza imekaa miaka ishirini na bado watu wanaitazama.

Yule dogo nilimsogeza siti ya mbele ya gari langu akae dakika tano. Hakusema kitu kuhusu redio yangu, ambayo haina hata rangi mbili. Aliniuliza mzee wa Unga Limited anafunga saa ngapi.

Kwangu kumebaki tatizo moja. Kuna noti moja ya besi, ya chini sana, ikipigwa kibao cha namba cha nyuma kinatetemeka na kulia kama nyuki kwenye kopo. Nimekiwekea sponji nyuma yake. Nyumbani bado wanaitafuta ile ya kuoshea vyombo.