Uvimbe wa tezi ya pituitari: damu ipimwe mara moja au usiku na mchana?

Pituitari ni tezi ndogo, kama punje ya njegere, iliyoko chini ya ubongo. Ikipata uvimbe, huweza kumwaga homoni kupita kiasi, na madaktari huvutana kuhusu vipimo vya homoni hizo: damu itolewe mara moja, au mgonjwa alazwe afuatiliwe usiku na mchana?

Wanaotetea kipimo kimoja wana hoja nzito. Kufuatilia homoni kwa saa 24, damu ikitolewa kila dakika 20, ni sampuli zaidi ya 70. Hapo weka kitanda, muuguzi wa kukesha na bili. Tena zipo homoni zisizohitaji usumbufu huo. IGF-1, ambayo ini huitengeneza kwa wingi kwa amri ya homoni ya ukuaji, haibadiliki sana ndani ya siku. Ipime saa yoyote.

Homoni ya ukuaji yenyewe ni habari nyingine. Hutoka kwa mawimbi, hasa usingizi unapokolea. Mtu mwenye afya anaweza kukutwa nayo juu kwa sababu tu sindano imeangukia kwenye wimbi, na mgonjwa ambaye vidole vimenenepa kwa homoni hiyo hadi pete haimtoki tena akakutwa na kiasi kisichomshtua mtu. Ufuatiliaji wa siku nzima ndio uliofichua tofauti yao: kwa mwenye uvimbe, kati ya wimbi na wimbi homoni haishuki ikaisha. Siku hizi mgonjwa hunyweshwa gramu 75 za glukosi na kupimwa kwa saa mbili. Mwenye afya homoni yake hushuka. Ya mgonjwa hugoma.

Kwenye kotisoli, homoni ya msongo inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo kwa amri ya pituitari, ndiko ninakoona makosa yanaumiza zaidi. Asubuhi huwa juu kwa kila mtu, kwa hiyo kuipima saa mbili asubuhi peke yake hakumtambui mwenye ugonjwa wa Cushing, yaani aliyezidiwa na kotisoli kwa sababu ya uvimbe huu. Anachokosa yeye ni ule mshuko wa usiku wa manane. Kwa hiyo nasema wazi: saa ya kupima ina uzito kuliko idadi ya sindano. Mgonjwa anaweza kutafuna kipande cha pamba nyumbani saa tano usiku, akakitia kwenye kichupa na kukipeleka maabara, mate yanatosha. Afanye hivyo angalau usiku mara mbili, kwa kuwa wapo ambao ugonjwa wao huja na kuondoka. Kwa walinzi na wauguzi wa zamu za usiku kipimo hiki hakifai, maana saa ya mwili wao imehama.

Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, mara nyingi hutosha kupimwa mara moja, ila kuna mtego. Uvimbe ukiwa mkubwa na majibu yakaja ya chini, maabara iombwe kuzimua sampuli na kupima upya, kwani homoni ikizidi mno huweza kukilemea kipimo kikasoma kidogo. Ulizeni hilo kabla ya kukubali upasuaji, kwa sababu uvimbe wa prolaktini kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa vidonge vya kabagolini.